Jeton Moja kwa Mapasa

Kisangani, tarehe 3 mwezi wa tatu 2025

Tonton Nephtali,

Nakusalimia wewe na tantine Chantal na wote wa nyumba pale Isangi. Sisi hapa tuko. Mama anasema nikuandikie kwamba tension yake, ile presha ya damu, imeshuka, lakini jana nilimukuta anakula makayabu, samaki ya chumvi, kama mutu wa miaka ishirini, donc sijui imeshuka wapi. Anauliza kama paa ya nyumba ulisha kuibadilisha. Si mimi nauliza, ni dada yako.

Sasa jambo yenyewe. Unajua nilipata kazi kwa Monsieur Patrice, yule anayefanya programme za ordinateur, yaani kompyuta, kwa wasafirishaji wa mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka. Mimi sitengenezi programme. Kazi yangu ni kuandika document ya kueleza namna ya kuitumia, kusudi mutu asome, afanye, asitupigie simu. Niko katika essai, bado wananijaribu, mpaka tarehe 30 mwezi wa sita. Siku ile wananipa contrat, ao wananishika mukono na kunifungulia mulango.

Monsieur Patrice ameweka sharti moja. Document yangu isomwe na mutu ambaye hajapata kugusa ordinateur, naye afanye yote iliyoandikwa bila kuuliza mutu. Akifaulu, nabaki. Nikafikiri: ni nani anajua kusoma vizuri sana na hajapata kugusa ordinateur? Nikakukumbuka wewe. Usikasirike.

Kwa kifupi iko hivi. Kuna programme tunazoita agent. Ni kama wakarani wasio na mwili: unamwambia mumoja «nifuatie muzigo fulani», anaenda kuuliza kwa serveur, ile mashine kubwa yenye habari zote, anakuletea jibu. Serveur haipokei agent bila jeton, ile alama ya ruhusa ya kuingia. Na jeton inaishi saa moja tu, halafu inakufa, agent anabaki njiani. Donc tuna chombo, jina yake Upya. Upya inamutafutia agent jeton mupya mbele ya ile ya zamani kufa. Kwa hiyo agent anashika jeton mbili: ndogo ya kuingilia, na kubwa ya kufanyia upya. Ile kubwa inatumika mara moja: unaitoa, unapewa ndogo mupya pamoja na kubwa mupya. Basi. Mimi niliieleza kwa karatasi kumi na moja.

Natuma kwa mukono wa Papa Édouard wa baleinière, ile mashua kubwa ya mizigo. Réseau ya Isangi sote tunaijua, na wewe mwenyewe ulisema telefone si kitu ya kusemea mambo ya kweli.

Mutoto wako,
Naomie


Isangi, tarehe 19 mwezi wa tatu 2025

Kwa Naomie, mutoto wa dada yangu,

Barua yako ilifika na maji. Édouard aliiweka chini ya mafungu ya samaki, karatasi ya tatu na ya ine zilishikana, tantine wako akazianika kwenye kamba pamoja na mashati yangu. Tunakusalimia. Goti ya tantine inauma kila mara mvua ikitaka kunyesha, na siku hizi inataka kila siku. Mwambie mama yako paa inangoja mvua iishe, naye aache chumvi. Kwaya ya paroisse, kanisa yetu, imepata harmonium kutoka Yanonge. Inapiga noti tatu vizuri, zingine tunaziimba wenyewe.

Bon. Umesema nisikasirike. Nilikasirika kidogo, kisha nikasoma. Mimi ni secrétaire wa libongo ya Isangi miaka ishirini na mbili sasa. Hakuna muzigo unaopanda chombo kwenye bandari hii bila karatasi yangu. Donc mambo ya kumupa mutu ruhusa na kumunyima, nayajua kuliko Monsieur Patrice wako, na unaweza kumwambia.

Document yako haieleweki. Sisemi ni mubaya, nasema haieleweki. Karatasi ya kwanza unaandika: «Weka jeton mahali salama.» Mahali gani? Kwa tantine wako mahali salama ni chini ya godoro. Kwangu ni ndani ya Biblia. Kwa Édouard ni mufuko wa suruali, na suruali ile imesha kuanguka ndani ya muto mara mbili. Karatasi ya tano unaandika: «Ni wazi kwamba agent atafanya upya mbele ya saa.» Kama ni wazi, unaandika ya nini? Nimehesabu «ni wazi» mara tisa. Unaeleza kama mutu aliyelala ndani ya nyumba anayemuonyesha mugeni njia, anasema pinda pale.

Nakurudishia zote kumi na moja, nimezisahihisha kwa bic nyekundu. Bic yenyewe imekwisha.

Tena nimefikiri. Kusoma peke yake ni bure. Mutu anasoma, anatikisa kichwa, anaenda kula. Hii document nitaifanya. Hapa libongo kuna wapakizi arobaini, wanaingia na kutoka wanavyotaka, hata mimi sijui nani ana ruhusa na nani amekuja kuiba ndizi. Nitawatengenezea jeton, sawasawa na ulivyoandika, neno kwa neno. Serveur nitakuwa mimi.

Nitumie ya pili, iliyo safi.

Noko yako,
Nephtali, Secrétaire


Kisangani, tarehe 2 mwezi wa ine 2025

Tonton,

Salamu mingi. Mama ameacha chumvi, sasa anaweka cube mbili za kukolezea ndani ya pondu, majani ya muhogo, na anasema cube si chumvi. Nimechoka naye.

Nilipoona ile bic nyekundu nililia kidogo, franchement. Halafu niliosha uso, nikasoma tena, nikaona una haki karibu kila mahali. Nimeandika yote upya. «Ni wazi» haiko tena hata moja. Karatasi zimekuwa sita.

Lakini nakuomba, nimepiga magoti: usiifanye. Document hii ni ya programme, si ya watu. Programme haichoki, haina njaa, haina ndugu. Wewe soma, uandike pale usipoelewa, inatosha.

Pembeni ya karatasi uliuliza maana ya Article 6, kifungu cha sita. Nimeiandika hivi sasa: «Jeton kubwa ikirudi mara ya pili, serveur inajua kuna mwizi. Hapo inafuta jeton zote za kundi ile na inafunga mulango.» Ndiyo usalama. Mwenye haki alisha kuitumia na kupewa mupya, si kweli? Kwa hiyo anayekuja na ile ya zamani ameiokota ao ameiiba. Monsieur Patrice anaipenda sana Article hii. Aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote wa bureau.

Kazini ni muzuri. Hakuna la kusema.

Naomie


Isangi, tarehe 5 mwezi wa tano 2025

Mutoto wangu Naomie,

Tunakusalimia kwa jina ya Bwana. Mbuzi wa jirani amezaa watatu. Harmonium imebaki na noti mbili. Mvua imepungua, maji ya muto bado iko juu. Tantine wako anatembea muzuri sasa, juzi alikimbia hata. Tulipata samaki mingi juma lililopita, tuliikausha, Édouard anakuletea fungu moja. Mwambie mama yako ndani yake nimeweka chumvi kidogo sana.

Tuliadhimisha Pasaka vizuri. Abbé alihubiri juu ya uvumilivu, na aliniangalia mimi saa yote, sijui kwa nini.

Document yako nimeisoma. Ni muzuri. Sina maneno.

Noko yako,
Nephtali


Kisangani, tarehe 14 mwezi wa tano 2025

Tonton Nephtali,

Asante kwa samaki. Mama anasema inakosa chumvi.

Sasa nisikilize. Miaka yangu yote sijaona barua yako hata moja yenye maneno «sina maneno». Nilipokutumia karte ya Noël uliandika karatasi mbili juu ya namna nilivyokunja bahasha. Tena hukutia «Secrétaire» chini ya jina. Papa Édouard aliponipa barua alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia ya muhogo. Nilimuuliza kuna nini, akasema: «Muulize noko yako habari ya ijumaa», akaenda zake. Na tantine mwenye goti anakimbia wapi?

Nitakuambia yangu, kisha uniambie yako. Niliandika kazini ni muzuri. Haiko muzuri tena. Siku ya pili ya juma, tarehe 6 mwezi huu, agent zote za mukiriya wetu mumoja, musafirishaji anayetulipa, zilifungiwa inje na serveur, zote pamoja, dakika moja. Siku tatu mizigo yake ilikaa Bangboka, hakuna aliyejua iko wapi. Serveur iliandika: mwizi. Monsieur Patrice akaamini. Alibadilisha kufuli za bureau, akamuuliza sentinelle, mulinzi wetu, maswali mpaka yule muzee akataka kuacha kazi. Kisha akaja kwangu. Aliniuliza kama karatasi zangu nilizionyesha mutu wa inje mbele ya siku ya kujaribu. Nikasema, nilimuonyesha tonton wangu Isangi. Aliniangalia namna fulani.

Tonton, si contrat tu tena. Wananifikiria nimefungulia mwizi. Kama kuna kitu umeona kwenye document ile, usinifiche. Mimi sitacheka.

Naomie


Isangi, tarehe 26 mwezi wa tano 2025

Mutoto wangu,

Utacheka. Nakuandikia basi kama ulivyotaka, lakini karatasi hii ukisha kuisoma usimupe mama yako.

Nilifanya document. Nilikata makopo ya maziwa, nikapata jeton ndogo arobaini, nikazipaka rangi. Wapakizi niliwagawa makundi ine. Kiongozi wa kila kundi nilimupa jeton kubwa ya mbao yenye numero. Saa ine kengele ya paroisse ikilia, jeton ndogo zote zinakufa. Kiongozi anakuja kwangu mulangoni, anatoa kubwa, namupa kubwa mupya na ndogo mupya kwa kundi lake. Nilifunga kamba mbele ya libongo, nikaweka meza, nikakaa. Siku mbili ilikwenda muzuri kabisa, naapa. Chef de poste, mukubwa wa serikali hapa, alipita akasema sasa hapa ni Ulaya.

Kundi ya tatu kiongozi ni Ursule. Unamujua, mutoto wa marehemu Émile, mwanamuke wa mikono minene anayebeba gunia mbili. Na kama unamujua Ursule, unamujua Clothilde, kwa sababu ni mapasa, walitoka tumbo moja siku moja. Sasa niambie wewe uliyesoma: nitampaje Ursule jeton kubwa, nimunyime Clothilde? Mapasa humupi mumoja ukamuacha mwenzake. Ukimupa huyu yai, yule naye yai. Hata nguo za ubatizo mama yao alikata kitambaa kimoja. Ukimunyima mumoja anaanguka na homa, na lawama ni yako. Nilitafuta ndani ya document yako: hakuna mahali umekataza. Donc jioni ya siku ya pili nilichonga mbili, mbao moja, numero moja, 17 na 17. Nikawapa wote wawili mbele ya watu, walifurahi sana.

Ijumaa tarehe 25 mwezi wa ine ilikuwa siku ya soko. Baleinière mbili, pirogue za kupiga kasia zaidi ya kumi, kitanda cha bibi wa administrateur kimefungwa kamba kinangoja kupanda. Kengele ikalia. Ursule akaja na 17, nikamupa 18 na ndogo za kundi, akarudi kupakia. Dakika mbili, Clothilde akaja kutoka upande wa mashua za Banalia, hajamuona dada yake, anatoa 17.

Nilifungua document, Article 6. Jeton kubwa imerudi mara ya pili. Kuna mwizi. Nilisimama kwenye kiti, nikatangaza: mwizi yupo, jeton zote za kundi zimefutwa, mulango umefungwa. Clothilde nilimuita mwizi mbele ya soko, Naomie. Mimi niliyewabeba wote wawili siku ya ubatizo.

Halafu nikatoka inje ya kamba kubandika tangazo. Nikataka kurudi ndani. Article 6 inasema zote za kundi, na jeton yangu mimi nilijikatia ndani ya kundi ile ile ya tatu. Nilisoma ukurasa wako mbele na nyuma kutafuta ni nani anafungua mulango ukisha kufungwa. Hujaandika. Sasa mimi ndiye niliyesema neno kwa neno, ningerukaje kamba yangu mwenyewe watu wakiniangalia? Nilisimama kwenye jua saa tatu nzima. Walinisihi, walinitukana, Abbé alikuja, bibi wa administrateur alikaa juu ya kitanda chake njiani. Nikasema document haijasema. Mwishoni tantine wako alitoka nyumbani mbio na kisu cha jikoni, akakata kamba, hakusema neno hata moja. Hata sasa anasema kidogo tu.

Nilienda kuomba pardon kwa mapasa na jogoo wawili, nilipima shingo na mabawa wawe sawasawa. Walinisamehe. Clothilde alilia kwanza.

Umesema serveur yenu ilimuona mwizi. Mimi serveur nilimuona pia, kwa macho yangu, na hakukuwa na mwizi. Walikuwa watu wawili wenye haki moja, na hakuna aliyewaambia nani atangulie. Muulize Monsieur Patrice kama kati ya agent zake hakuna mapasa.

Nephtali


Kisangani, tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Tonton wangu,

Nilicheka, pardon. Nilicheka mpaka sentinelle alikuja kuona. Nilipofika kwenye Clothilde nikaacha kucheka, kisha nikasoma tena maneno yako ya mwisho, nikaenda mbio kwa Dominique, ingénieur aliyetengeneza Upya.

Nilimuuliza: agent mbili zikiwa na jeton kubwa moja, zikienda kuifanya upya saa ile ile, inakuwa nini? Dominique hata hakuinua macho. Akasema: «Ya kwanza inapokelewa, ya pili inaonekana mwizi, zote zinafungwa. Ndiyo sababu niliweka Zamu.» Zamu ni nini? Akasema ni kitu ndani ya Upya: ukiiwasha, agent moja inaenda, zingine zinangoja, ikirudi zinatumia ile mupya iliyoletwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia niandike. Akasema: «Lakini ni wazi.»

Tonton, nilimuonyesha bic nyekundu yako.

Yule mukiriya alikuwa na agent mbili mupya tangu tarehe 5, zote zimepewa jeton kubwa ile ile, na Zamu imezimwa kwa sababu hakuna karatasi iliyosema iwashwe. Mwizi hakuwako. Monsieur Patrice amemuomba sentinelle pardon. Kwangu alisema tu «bon».

Nimeandika Article 8: «Washa Zamu mbele ya yote. Wenye jeton kubwa moja hawaendi pamoja. Mumoja anaenda, wengine wanangoja, wakisha kupewa mupya hawarudii ya zamani.» Na Article 9: mulango ukifungwa, ni nani anafungua, na kwa ufunguo gani. Article 9 ni yako wewe.

Lakini sharti liko pale pale. Siku ya ine ya juma, tarehe 26, saa tatu ya asubuhi, musomaji wangu anakaa mbele ya Monsieur Patrice na anafanya. Njoo, nakuomba. Sina mutu mwingine. Nikikosa siku ile, tarehe 30 nimekwisha.

Naomie


Isangi, tarehe 20 mwezi wa sita 2025

Mutoto wangu Naomie,

Sitaweza kuja. Ni goti ya tantine. Tena kazi ya libongo ni mingi sana, hawawezi kuniacha hata siku moja.

Nakutumia Ursule na Clothilde, wanakuja Kisangani kununua nyavu. Hawajapata kugusa ordinateur. Walisoma kwa masista mpaka sixième, darasa ya sita, wanasoma polepole na hawaruki neno. Usimukalishe mumoja ukamusimamisha mwingine.

Nimekuombea.

Nephtali


Kisangani, tarehe 30 mwezi wa sita 2025

Tonton Nephtali,

Mama anakusalimia, tension iko juu, safari hii amekubali mwenyewe. Sasa keti.

Mapasa walifika tarehe 26 saa mbili na nusu, kitambaa kimoja, kilemba kimoja. Monsieur Patrice alikuwa ameweka meza moja na ordinateur moja. Ursule alitazama, akasema: «Na ya mwenzangu?» Monsieur Patrice akasema mutu mumoja anatosha kwa kujaribu. Hawakubishana, walifunga mikono wakabaki wamesimama. Dakika kumi zilipita. Dominique akaenda kuleta ordinateur ya pili, na Monsieur Patrice hakujua kwamba ilikuwa na jeton kubwa ile ile ya kwanza, kwa sababu waliinakili toka mashine moja. Mimi nilijua.

Walianza. Ursule anasoma mustari kwa sauti, kidole juu ya karatasi, wote wawili wanafanya, anasoma ingine. Kutafuta alama ya kuwasha peke yake ilichukua robo saa, lakini iko imeandikwa, na waliipata. Walifika Article 8. Waliwasha Zamu. Ursule akasema: «Wenye jeton moja hawaendi pamoja.» Akamuangalia dada yake. Clothilde akasema: «Tangulia, mimi nimesha kuitwa mwizi mara moja, inatosha.» Ursule akabonyeza. Clothilde akangoja, mikono juu ya mapaja. Jeton mupya ikatokea kwa wote wawili. Hakuna kilichofungwa.

Monsieur Patrice hakuamini. Alikaa mwenyewe kwenye kiti cha Clothilde, akajaribu kuwaharibia, wote wabonyeze pamoja, mara tatu. Upya iliwapanga kila mara. Aliuliza kama kuna mahali hawakuelewa. Clothilde akasema hapana, aliyeandika ametufikiria.

Monsieur Patrice ameweka sahihi leo asubuhi. Nina contrat, Tonton. Nimeishika mukononi wakati naandika, ndiyo sababu mistari inapinda.

Lakini baadaye tulikula pamoja, nikawauliza mapasa habari ya libongo, jinsi kazi yako ilivyo mingi. Waliangaliana. Kisha waliniambia. Comité ya libongo iliketi mwezi wa tano, walikuondoa, secrétaire ni wao wawili sasa. Walisema hawakutaka, na kwamba kila asubuhi unapita mbele ya meza yako ya zamani, unawasalimia, unaendelea mpaka kwenye maji, unarudi nyumbani. Kwa nini hukuniambia? Uliipoteza kazi kwa karatasi yangu na ukaniandikia goti ya tantine.

Nilimwambia Monsieur Patrice nani aligundua Article 8. Anauliza kama document zetu zinazokuja unaweza kuzisoma, na kuzifanya, lakini si kwenye soko. Nimeweka ya kwanza ndani ya bahasha hii, na bic nyekundu mbili. Ukikataa nitaelewa.

Naomie


Isangi, tarehe 13 mwezi wa saba 2025

Naomie, mutoto wa dada yangu,

Nilisoma barua yako kwa sauti ndani ya nyumba, mara mbili. Tantine wako alisema «aksanti Mungu», ndiyo maneno yake marefu kuliko yote tangu mwezi wa ine. Nimefurahi. Nimefurahi kuliko siku nilipopewa meza ile.

Ya libongo sikukuambia kwa sababu ungeacha kunitumia karatasi. Ungenionea huruma, ungeandika «Tonton pumzika». Miezi hii miwili hakuna mutu mwingine aliyeniletea kitu cha kusoma, na macho yangu bado ni muzima. Nilikuwa nasikia motere ya Édouard nashuka mbio, naomba iwe bahasha nene. Sasa unajua, na usiliseme tena.

Mwambie Monsieur Patrice nakubali. Ya kwanza nimesha kuifanya, na mapasa walinisaidia. Ina makosa kumi na mane, utayaona.

Lakini kuna jambo moja la haraka. Umeandika umepewa contrat, umeishika mukononi. Hukuandika kwamba umeisoma. Usiitie sahihi yako mbele ya mimi kuiona. Na kama ulisha kuitia, nitumie tu, nikuonyeshe mahali ulipokosa.

Noko yako,
Nephtali, Musomaji